Maswali ya Wasomaji: Je, sherehe ya watu wengi inaweza kushika umbali wakati wa janga?

Barua za toleo hili zimetoka Mbeya, Mafinga, Tukuyu, Njombe, Makete na Iringa vijijini, na karibu zote zinauliza jambo moja: ukizuka tena ugonjwa unaoenea kwa njia ya hewa kama korona, harusi, maonyesho na sikukuu zetu zitafanyikaje? Ile mita moja ya kuachana mtu na mtu inashikika kweli penye ngoma na vigelegele? Tumechagua chache na kuzijibu kwa vipimo, kwa sababu kamati inayopanga viti inahitaji kujua ianze na tepu wapi.

SWALI: Nipo kwenye kamati ya sherehe za kitaifa ngazi ya wilaya. Machi 2020 mbio za Mwenge wa Uhuru zilisitishwa, na Aprili 26 mwaka huo sherehe za Muungano nazo hazikufanyika. Hadi leo kuna wenzetu wanaodai haikuwa lazima, kwamba uwanja ni wa wazi na watu wangepangwa. Je, uwanja kama Sokoine unaweza kupangwa hivyo kweli? (Mjumbe wa kamati, Mbeya)

JIBU: Watu waliokaa wanapangika. Watu wanaotembea pamoja, wanaosubiri langoni au wanaokimbilia kukiona kitu hawapangiki, hata muwe na mgambo wengi kiasi gani. Mwenge ni msafara: unapita sehemu nyingi kwa siku, watu wanaupokea kwa kusongamana kando ya barabara, ngoma zinapigwa, kisha kuna mkesha. Jambo la namna hiyo huwezi kulichorea mistari ya chokaa, na kwa maoni yetu kulisitisha kulikuwa sahihi. Gwaride na hotuba uwanjani ni habari nyingine, na hapo hesabu inafaa kufanywa.

Eneo la kuchezea mpira la mita 105 kwa 68 lina mita za mraba 7,140. Toeni theluthi moja kwa ajili ya njia, jukwaa, gari la wagonjwa na vyoo, zinabaki 4,760. Umbali wa mita moja hupimwa kutoka bega la mtu hadi bega la mwenzake, na kiti cha plastiki kina upana wa karibu nusu mita. Kwa hiyo kutoka katikati ya kiti kimoja hadi katikati ya kingine iwe mita moja na nusu, pembeni na nyuma. Kila mtu anachukua mita za mraba 2.25, na eneo hilo linabeba watu 2,100 hivi. Mkitaka mita mbili kamili kati ya mtu na mtu, idadi inashuka hadi 760.

Mita moja au mbili? Shirika la Afya Duniani lilisema angalau moja. Marekani na nchi nyingine kadhaa zikasema mbili. Matone makubwa ya mate huanguka chini karibu na aliyekohoa, lakini chembe ndogo huelea hewani na kusambaa kama moshi wa sigara. Nje upepo unazipeperusha, ndani zinarundikana. Kwa watu waliokaa nje, wanatazama upande mmoja na wamevaa barakoa, mita moja inafanya kazi. Ndani, au penye kuimba, hata mbili peke yake hazitoshi.

Ipo njia halali ya kuongeza idadi, nayo ni kupanga kwa kaya. Wanaolala nyumba moja hawana sababu ya kutenganishwa. Watu wanne wa kaya moja wakikaa bega kwa bega wanachukua upana wa mita mbili. Ongezeni mita moja ya nafasi upande mmoja na mita moja nyuma, mnapata mita za mraba 4.5 kwa wanne. Uwanja uleule sasa unabeba karibu 4,200, mara mbili ya awali. Toeni kadi za kaya zenye namba ya eneo, na eneo lichorwe kwa chokaa jana yake.

Mnapoharibikiwa ni mwisho wa sherehe. Watu wakitoka kwa nafasi kwenye lango la upana wa mtu mmoja, anapita mmoja kila sekunde mbili, yaani 30 kwa dakika. Watu 2,100 kwa lango moja ni dakika 70, na hakuna atakayesubiri dakika 70 baada ya wimbo wa taifa. Malango manne yanashusha muda hadi dakika 18. Fungueni yote, na mshereheshaji aite safu moja moja kuanzia zilizo karibu na lango. Pili ni mvua. Desemba 9 na Aprili 26 zote zinaangukia majira ya mvua huku kwetu, na tone la kwanza likidondoka uwanja mzima unahamia chini ya paa la jukwaa kuu. Andikeni kwenye kadi kwamba kila mtu aje na koti la mvua au mwavuli, na kwamba mvua kubwa ikianza sherehe inaishia hapo na watu wanatoka kwa utaratibu uleule.

Kama wenzenu bado wanasema "nje hakuna shida", wapeni mfano wa Uingereza mwaka 2021. Fainali ya mpira ya Ulaya ilichezwa Wembley Julai 11 mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000. Mamlaka za afya zilipofuatilia, zilikadiria kwamba watu zaidi ya 3,400 huenda waliambukizwa siku ile uwanjani au maeneo ya jirani. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon, yaliyofanyika wiki zilezile na kuhudhuriwa na karibu watu 300,000 kwa siku zote, yalihusishwa na maambukizi kama 580. Yote mawili yalikuwa ya nje. Wembley watu walisongamana malangoni, wakaimba, wakakumbatiana na kujazana kwenye korido na baa. Kwenye tenisi walikaa na kunyamaza. Na Saudi Arabia, ambako Hija ya 2019 ilikuwa na mahujaji karibu milioni 2.5, mwaka 2021 waliruhusiwa 60,000 tu waliochanjwa. Umbali ulipatikana kwa kupunguza watu kwanza, mistari ikafuata.

SWALI: Harusi ya mdogo wangu tumeshaalika 250. Tumekodi maturubai mawili ya mita 6 kwa 12. Je, tukipanga vizuri yatatosha kwa umbali? Na shughuli za ukumbini tuzibadilishe vipi bila harusi kupooza? (Katibu wa kamati ya harusi, Mafinga)

JIBU: Hayatoshi, dada yetu, na ni afadhali mjue leo. Turubai la mita 6 kwa 12 kwa mpango wa kawaida linachukua zaidi ya watu 100. Acheni njia ya mita moja na nusu katikati. Kila upande unabaki na mita 2.25, yaani viti viwili vilivyoachana mita moja. Safu kwa safu mita moja na nusu, mnapata safu nane. Viti vinne mara nane ni watu 32. Mkipanga kaya za watu wanne, kila upande unabeba kaya moja na turubai linafika 64. Harusi yenu ina wageni wa aina zote, wajane, wanandoa, vijana waliokuja peke yao, kwa hiyo hesabuni kama 45 kwa turubai. Wageni 250 wanataka maturubai sita, tena yaliyofungwa kuta zote juu. Turubai lililoshushwa kuta kwa sababu ya baridi ya Mufindi ni chumba kama vyumba vingine.

Kama fedha haitoshi maturubai sita, igaweni: ndoa na chakula cha mchana kwa upande wa bibi harusi, jioni kwa upande wa bwana harusi, 125 kila awamu chini ya maturubai matatu, kati yake saa moja ya kufuta meza na kuruhusu watu watoke kabla wengine hawajaingia. Tunapendelea hili kuliko kubana viti, kwa sababu viti vikibanwa saa ya kwanza hakuna wa kuvitenganisha saa ya tatu.

Sasa ratiba, maana harusi za siku hizi zimejengwa juu ya kugusana. Kugonga glasi: wageni wote wanapita mbele ya maharusi mmoja mmoja. Kwa sekunde tano kila mtu, watu 250 wanachukua dakika 20 na zaidi, na maharusi wanavuta pumzi za watu 250 uso kwa uso. Wao ndio wanaobeba hatari kubwa kuliko mtu yeyote mle ndani, na siku mbili tatu baadaye watakuwa wanakwenda kusalimia wakwe. Kila mgeni asimame penye kiti chake, ainue glasi, MC ahesabu, basi. Keki: maharusi walishane wao kwa wao, za wazazi wote zipelekwe kwenye visahani, si kwa kulishwa mdomoni kwa uma uleule.

Zawadi ndiyo ngumu, kwa kuwa furaha yenyewe iko kwenye ule msururu wa kucheza. Usiufute, ufupishe. MC aite kundi moja kwa wakati, mashangazi, kisha wafanyakazi wenza wa maharusi, kisha majirani, na kila kundi litoe wachezaji wasiozidi sita. Waingie njia moja na kutokea nyingine. Kapu la zawadi liwe mita mbili mbele ya maharusi, liwekwe kwenye stuli yake, na bahasha ziingie humo. Kutunza kwa kubandika noti kwenye paji la uso kuachwe kabisa. Kundi linalofuata linyanyuke lile la kwanza likishakaa.

Na mwambieni mtu wa muziki apunguze sauti. Muziki ukizidi, watu wanasogeleana masikio na kupiga kelele ili wasikike, na anayeongea kwa sauti ya juu hutoa chembe nyingi zaidi kuliko anayeongea kawaida. Kama majirani wa meza moja hawawezi kuongea bila kuinamiana, punguza. MC na wazungumzaji kila mmoja na maiki yake. Ikiwa ni moja, ivalishwe kifuniko kipya cha sponji kwa kila msemaji.

SWALI: Kwaya yetu ina watu 40 na sikukuu tunaimbia kanisani. Baridi ya Rungwe mnaijua, madirisha hufungwa. Tukiachana mita mbili, tuko salama? (Mwalimu wa kwaya, Tukuyu)

JIBU: Hapana, mwalimu. Machi 10, 2020 kwaya moja ya Mount Vernon, jimbo la Washington huko Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani ya jengo. Walikuwepo watu 61, mmoja wao akiwa na dalili za mafua. Katika wote, 53 waliugua, 33 kwa uthibitisho wa maabara na 20 kwa dalili, na wawili walifariki. Walikaa karibu karibu, ni kweli, lakini kuimba kwenyewe ndiko kulikojaza chembe kwenye hewa ile kwa saa zote hizo.

Kwa hiyo kwenu hewa inatangulia, umbali unafuata. Fanyeni mazoezi nje mchana jua likiwepo. Gawanyeni kwaya mara mbili, 20 na 20, kwa zamu. Imbeni nusu saa, tokeni robo saa milango na madirisha ya pande mbili zinazokabiliana yakiwa wazi. Dirisha la upande mmoja peke yake halivuti hewa ya kutosha. Safu za waimbaji ziachane mita mbili, wote mkitazama mbele, na pasiwe na safu inayoimba kisogoni mwa wengine kwa karibu. Sikukuu yenyewe punguzeni nyimbo, na moja iimbwe nje baada ya ibada watu wanapotoka.

Kuhusu baridi, tunaomba mtuelewe sana hapa. Wapo wanaofunga madirisha na kuingiza jiko la mkaa ili chumba kipate joto. Mkaa unaowaka ndani bila hewa kupita unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua, na inaua haraka kuliko korona. Fungueni madirisha, vaeni makoti na shuka.

SWALI: Mimi ni mpishi wa sherehe. Wateja wanataka bufee kama kawaida. (Mpishi, Njombe)

JIBU: Kula ndiyo saa ambayo barakoa zote zinavuliwa, na foleni ya bufee inawaleta watu karibu saa hiyohiyo. Mgeni mmoja huchukua kama sekunde 20 kujipakulia. Wageni 200 kwa meza moja ni zaidi ya saa nzima ya kusimama mgongoni kwa mwenzako, kila mmoja akishika kijiko kilekile cha pilau. Wahudumu wapakue na kupeleka sahani vitini, mhudumu mmoja kwa watu 20, amevaa barakoa na amenawa. Anza na turubai la mbali ili wa karibu wasiinuke kuja kuangalia. Ukitumia vifungashio, pakia chakula kikiwa moto na kiliwe ndani ya saa mbili. Wali na nyama vikikaa vuguvugu muda mrefu utakuwa umeepuka homa ukaleta kuhara. Na hotuba zisiwekwe wakati wa kula.

SWALI: Tunasimamia lango kwenye maonyesho. Tulipewa vipimajoto vya paji la uso na ndoo za kunawia. Asubuhi kila mtu anasoma nyuzi 34 au 35, na foleni ya kunawa inafika barabarani. Tunakosea wapi? (Skauti, Makete)

JIBU: Kwanza kipimajoto. Kile cha kuelekeza pajini kinasoma joto la ngozi na kukadiria la mwili. Mtu aliyetembea kwenye upepo wa Makete mwezi Julai ana paji la baridi, na anaweza kuwa na homa huku kifaa kikikuambia 35. Tena vifaa vingi havikutengenezwa kufanya kazi hewa ikiwa chini ya nyuzi 10, na asubuhi zenu hushuka chini ya hapo. Mchana kinyume chake: aliyesimama juani anasoma juu bila kuumwa. Wekeni kibanda chenye kivuli kisicho na upepo, watu wapumzike humo dakika 10 hadi 15, wavue kofia, pima bila nywele wala jasho, na kifaa chenyewe kikae humo robo saa kabla ya kuanza. Aliyezidi 37.5 asubiri na apimwe tena kwapani kwa kipimajoto cha kawaida. Lakini msikipe kifaa hiki imani kuliko kinavyostahili. Mwenye korona huweza kuambukiza siku mbili hivi kabla dalili hazijaonekana, na huyo atapita langoni na nyuzi 36.5. Kumuuliza mtu "umekohoa, umepoteza harufu, umeuguza nyumbani?" kunakamata wengine ambao kipimo hakiwaoni.

Kunawa: kulowanisha, sabuni, kusugua sekunde 20, kusuuza, jumla sekunde 35 hivi. Koki moja inahudumia watu 100 kwa saa, si zaidi. Mkitegemea 800 ndani ya saa ya kwanza, mnahitaji koki nane, na mwenye ndoo mbili lazima foleni imfike barabarani. Watu 50 walioachana mita moja na nusu ni mita 75 za foleni. Kama uwanja uko kando ya barabara kuu yenye malori, kunjeni foleni ndani ya uzio kwa kamba, iende na kurudi, na kati ya mkunjo na mkunjo pia muache mita moja na nusu. Maji hesabuni robo tatu ya lita kwa kila mnawaji. Watu 800 wakinawa wanapoingia na kabla ya kula ni lita 1,200, yaani tangi la lita 1,000 na madumu kumi ya lita 20 ya akiba. Sabuni ya maji kiasi cha lita 5. Chini ya koki chimbeni shimo na kujaza kokoto, la sivyo kunakuwa tope, watu wanalikwepa na kujibana upande mmoja, na umbali umekwisha. Maji yakiwa baridi kama barafu watu wanachovya ncha za vidole na kuondoka. Sufuria moja ya maji ya moto kwenye kila ndoo inabadilisha mambo kabisa.

Kupulizia dawa watu mwilini msifanye. Kunachoma macho na ngozi, na hakufiki mahali virusi vilipo, ambapo ni ndani ya pua na koo.

SWALI: Shughuli ya kimila haiendi bila kushikana mikono na kunywa pamoja. Mnataka tuwe wageni kwetu? (Mzee, Iringa vijijini)

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Salamu yetu ya "Kamwene" inajibika vizuri tu mtu akiwa hatua mbili mbali, na kuinama kwa heshima hakuhitaji kiganja cha mtu. Wazee ndio ugonjwa huu unaowaonea zaidi, kwa hiyo anayekusalimia kwa mbali anakutunza. Penye ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kikombe kimoja kikizunguka wanywaji kumi, mate ya kumi yanazunguka nacho. Kila mtu aje na kikombe chake, na mmoja tu amimine bila mdomo wa chombo kugusa vikombe. Vivyo hivyo kwa majirani zetu wa Rungwe wanaokunywa pombe ya kimpumu kwa mirija kutoka chungu kimoja: wakati wa janga kila mtu na chake. Na shughuli iishe mapema. Saa mbili za mwanzo watu hukumbuka umbali. Pombe ikishapanda hakuna mstari unaoheshimiwa, wala haifai kumlaumu mtu kwa hilo. Anzeni saa nne asubuhi, saa saba muwe mmemaliza.

SWALI: Nabeba wageni wa harusi kwa Kosta, Tukuyu hadi Mbeya. Kwa nini tunabanwa sisi wakati uwanjani wamejaa? (Dereva)

JIBU: Kwa sababu safari yako ni zaidi ya saa moja, watu wamekaa magoti kwa magoti, vioo vimefungwa kwa baridi ya njiani, na ndani wanaimba na kupiga vigelegele. Mgeni anaweza kuwa amepangwa vizuri kwenye turubai na akawa ameshaambukizwa tangu kwenye gari. Kamati ilipe magari mawili pale ilipolipa moja. Kaya moja ikae safu moja, barakoa muda wote, kioo cha mbele na cha nyuma vifunguliwe upana wa vidole vinne ili hewa ipite, na nyimbo zisubiri mshuke.

SWALI: Kamati ijue vipi kwamba wakati wa kuahirisha umefika? Na fedha tulizokwisha kulipa? (Mwenyekiti wa kamati, Mbeya)

JIBU: Septemba 28, 1918, mafua makali yakiwa yameshaingia mjini, Philadelphia huko Marekani waliendelea na gwaride la kuchangisha fedha za vita. Walijitokeza watu 200,000 hivi. Siku tatu baadaye vitanda vya hospitali zote za mji vilikuwa vimejaa. St. Louis walifunga shule, makanisa na kumbi mapema Oktoba, na kwa uwiano wa wakazi wake waliokufa walikuwa wachache kwa mbali kuliko Philadelphia. Homa hiyohiyo ilifika hadi nyanda zetu hizi mwaka 1918 na 1919, ikafuata watu waliokuwa wametoka kwenye vita na njaa.

Ahirisheni kama mamlaka ya afya imezuia mikusanyiko. Hilo halina mjadala. Hata kama haijazuia, ahirisheni mkiwa na lolote kati ya mambo haya: ugonjwa unaenea kata yenu na zahanati inapeleka wagonjwa wengi wa kifua kuliko kawaida, sherehe lazima iwe ndani, au mwaliko ni wa wazi kwa yeyote atakayekuja. La mwisho watu hulipuuza. Bila idadi hakuna umbali, maana hesabu zote tulizotoa hapo juu zinaanza na idadi.

Mkiendelea, mtu mmoja awe na daftari la jina, simu na turubai alilokaa kila mgeni. Dalili za korona huonekana kati ya siku 2 na 14, kwa hiyo daftari litunzwe siku 14, kisha lichomwe ili namba za watu zisizagae. Mgeni akipiga simu kwamba anaumwa, wapigieni waliokaa turubai lake na wahudumu wao siku hiyohiyo, bila kumtaja kwa wengine, mjulisheni afisa afya wa kata, na kwa maswali pigeni 199, ni bure.

Fedha: kabla ya kulipa ukumbi, mpishi na mtu wa muziki, andikeni kwenye mkataba kwamba sherehe ikiahirishwa kwa amri ya serikali au kwa mlipuko wa ugonjwa, malipo yanahamia tarehe mpya ndani ya miezi 12. Taja na sehemu itakayorudishwa ikiwa tarehe mpya haitapatikana. Wenye kumbi wengi hukubali kuhamisha tarehe kuliko kurudisha fedha taslimu. Kama mmeshalipa bila kifungu hicho, nendeni leo na barua, mkiwa na stakabadhi, na mpendekeze tarehe mbili, zote baada ya mvua.